Jua Lililotua Upande Usio Wake: Mwanga na Hisia katika Mchoro wa Turner

Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa mandhari, jibu huwa lile lile: jua linatua, hivyo ni ishara ya kifo, kumepambazuka, hivyo ni ishara ya matumaini. Mwalimu mwenzangu, umelisahihisha jibu hilo mara ngapi? Mimi nimewahi kulipa alama huku nikijua halijasema lolote. Hebu tuweke tamthilia kando tutazame mchoro.

Mwaka wa 1839, J. M. W. Turner wa Uingereza alionyesha mchoro wa Temeraire, merikebu ya mizinga 98 iliyopigana katika vita vya Trafalgar mwaka wa 1805. Mnamo Septemba 1838 ilikokotwa katika mto Thames hadi Rotherhithe ili ivunjwe. Jua linatua, naam. Lakini tazama mwanga umekifanyia nini kila kitu. Merikebu imepauka, nyeupe karibu na dhahabu, kana kwamba haina uzito. Stima inayoikokota ni fupi, nyeusi, na bomba lake linatema moshi na moto. Jua lenyewe liko mbali, upande wa kulia, na juu kushoto mwezi mchanga umekwisha kuonekana. Huzuni tunayoihisi inazaliwa na ukinzani huo wa cheupe kinachovutwa na cheusi; jua peke yake lisingeileta. (Wala stima si adui: mwaka wa 1844 Turner alichora garimoshi kwa shauku kubwa.)

Kuna jambo jingine. Safari hiyo ilielekea magharibi, ilhali katika mchoro jua linatua nyuma ya merikebu, yaani mashariki! Milingoti nayo ilikuwa imeng'olewa kabla ya safari, na stima zilikuwa mbili. Turner aliirudishia merikebu milingoti yake, akaiondoa stima moja. Hisia ile, basi, haikuokotwa mtoni, iliundwa.

Claude Monet wa Ufaransa naye, mwaka wa 1890 na 1891, alichora marundo ya nafaka shambani tena na tena: asubuhi, machweo, penye theluji. Marundo ni yale yale, hisia si ile ile.

Kwa hivyo, mtahiniwa, kabla hujaandika "ni ishara ya", tuambie kwanza mwanga umemwangukia nani, umemwacha nani gizani, na mwandishi angepoteza nini lau tukio lingetokea saa sita mchana.