Maji kidogo pale Kibo

Kibanda cha Kibo, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, hakina chanzo cha maji. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hutegemea maji yaliyochotwa huku chini, juu kidogo ya kituo cha Horombo, na kupandishwa na wapagazi. Tuseme jioni ile kabla ya kuelekea kileleni, mwongoza watalii anamwambia mgeni: "We have little water." Mgeni atashtuka, maana ameambiwa maji yanakaribia kwisha. Angesikia "We have a little water" angetulia: maji yapo, japo si mengi. Kilichogeuza habari ni "a" peke yake. "Few" na "a few" huenda vivyo hivyo kwa vitu vya kuhesabika.

Kwetu "tuna maji kidogo" hubeba maana zote mbili, na sauti ya msemaji ndiyo inayoamua. Tukitaka kuondoa utata tunapanga upya sentensi: "maji kidogo yapo" hutuliza, "maji ni kidogo" huonya. Kwa hiyo uwezo wa kutofautisha tunao tayari, na hapo ndipo ningependa mafunzo ya Kiingereza kwa waongoza watalii mjini Moshi yaanzie. Kanuni ya kwamba "the" ni ya kitu mahususi ni sahihi, lakini haimfai sana mtu anayepaswa kujibu papo hapo, redio mkononi.

Msimulizi wa hadithi huanza na "paliondokea mtu mmoja", kisha huendelea na "yule mtu". Kiingereza kilipita njia hiyohiyo: "a" ilitokana na neno la moja, na "the" na neno la kuonyesha. Mpagazi naye akisema "nimeleta mzigo", anatoa habari mpya. Akisema "nimeuleta mzigo", msikilizaji anajua ni upi. Hiyo "u" inafanya kazi ya "the".

Lakini kuna misemo inayohitaji uangalifu zaidi. "The guide is in charge of the group": mwongozaji ndiye mkubwa. Ongeza "the" kabla ya "charge", na sasa kundi ndilo linalomwangalia yeye! Katika Kiingereza cha Uingereza, tunachofundishwa shuleni, aliye "in hospital" amelazwa, tuseme katika hospitali ya KCMC. Aliye "in the hospital" huenda amepeleka uji tu. Mmarekani husema "in the hospital" hata kwa aliyelazwa, kwa hiyo akitoa taarifa hiyo, muulize hali ya mgonjwa.

Majina ya milima hayafuati mantiki hii. Mlima mmoja kwa kawaida haupewi "the": Kilimanjaro, Mount Meru. Safu hupewa: the Pare Mountains, the Usambara Mountains. Hapo ni kukariri tu.