Trei la Mayai na Fungu la Chelewa

Mwalimu mzuri wa skuli ya maandalizi utamtambua kabla hajafungua mdomo, kwa kuangalia tu alichokitandaza mkekani. Visoda vimeoshwa, kingo zake kali zimelazwa kwa nyundo. Komwe zimo koponi, kavu, za kijivu, zile zile wanazochezea bao wazee barazani. Pana vifungo vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani, makombe ya pwani, chelewa zilizokatwa kwa urefu mmoja, na trei tupu la mayai. Karibu vyote ni vya bure, lakini hakuna kilichookotwa ovyo. Kila kimoja kimechaguliwa kwa kazi yake mkononi mwa mtoto wa miaka minne.

Chukua hilo trei. Mtoto amepangiwa komwe saba, anaambiwa azihesabu. Kuhesabu anajua, nyumbani huwasomea wageni mpaka ishirini wakampigia makofi. Anaanza moja, mbili, tatu, ila kidole kinakwenda mbio kuliko ulimi, komwe moja inaguswa mara mbili, na jawabu inatoka nane. Mwalimu mwenye haraka angesema umekosea, rudia. Huyu hasemi neno. Anasogeza trei na kumwambia aipe kila komwe nyumba yake. Sasa mkono hauwezi kukimbia: lazima uokote, uweke, uachie, ndipo uende kwa nyengine. Kila tamko linapata tundu lake, na mtoto anafika saba mwenyewe, hakuaibishwa mbele ya wenzake. Katika ufundi wote wa ualimu, huu wa kubadilisha kifaa badala ya kumkaripia mtoto ndio ninaoustahi kuliko wote.

Kufika saba si mwisho. Ukimuuliza hapo hapo, "Haya, ziko ngapi?" huenda akaanza tena tangu moja. Kwake saba bado ni tamko la mwisho katika mfuatano, haijawa jumla ya kilichopo. Mwambie "nipe tano," naye atachota konzi nzima akukabidhi kwa furaha. Mtafiti Karen Wynn alilionesha jambo hili kwenye utafiti aliouchapisha mwaka 1990: mtoto huanza kwa kuweza kutoa kimoja tu kwa uhakika, miezi ikapita akaweza viwili, kisha vitatu, ndipo baadaye akili ikafunguka kwa idadi kubwa zaidi. Mwalimu wa mkekani huijua miezi hiyo bila ya kuisoma popote. Hucheza duka na mtoto wa "viwili" kwa bei ya viwili na vitatu, na wa "vitatu" humpandishia kidogo, wote kwenye duka moja, wala hakuna anayehisi kuwa nyuma.

Upande wa pili wa mkeka kuna kazi ya kuchambua, na hapa mwalimu huwa mjanja. Vifungo anavyomwaga vinaweza kutengwa kwa rangi, kwa ukubwa, au kwa idadi ya matundu, viwili au vinne. Hatamki ni kwa lipi. Mtoto mmoja hutenga vyekundu na vyeupe. Mwenzake, kwa vifungo vile vile, hutenga matundu. Wakigombana nani kapatia, mwalimu humtaka kila mmoja aeleze kwa nini kifungo hiki kimekaa hapa. Nimesikia maelezo ya watoto wa miaka mitano yaliyonyooka kuliko ya watu wazima wengi mikutanoni.

Ufundi huu una wazee wake. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeipa chekechea jina lake mwaka 1840, aliwapa watoto mipira, vipande vya mbao na karatasi za kusuka. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Lakini kwetu pwani jina la kulitaja kwa heshima ni la Bi Swafiya Said wa Mombasa, mwalimu aliyekuwemo tangu mwanzo katika mpango wa skuli za awali za madrasa ulioanza mwaka 1986 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ukaja baadaye kufika Zanzibar na Uganda. Humo, vitu vya mtaani havikuchukuliwa kuwa mbadala unaoletwa na umaskini. Vilikuwa ndivyo vifaa vyenyewe.

Na kwa nini visiwe? Mtoto aliyekua karibu na bibi anayesuka ukili amekwishaona miyaa iliyotiwa rangi ikipishana na isiyotiwa, mstari baada ya mstari. Mwalimu huanzia hapo: kisoda, kombe, kisoda, kombe. Kisha hufunika kimoja kwa kiganja na kuuliza kilichofichwa. Siku nyengine hukosea kwa makusudi, akasubiri. Kelele zinazozuka ni za watu waliodhulumiwa haki yao, na ndipo unapojua ruwaza imeingia. Mdako nao hufanya kazi hiyo uani, bila mwalimu: jiwe likiwa hewani unakomba vijiwe vyote kutoka kishimoni, ulirushe tena, uvirudishe ubakishe kimoja, duru ya pili unabakisha viwili viwili. Anayecheza hivyo kila jioni anaingia darasani na mafungu tayari vidoleni.

Kwa wakubwa wao, wa miaka sita, zinatolewa chelewa. Kumi zinafungwa kwa mpira, zinakuwa fungu. Ishirini na tatu ni mafungu mawili na chelewa tatu zilizolegea. Anakuja mteja kununua tano. Muuzaji anatoa tatu, anatafuta nyengine, haoni. "Zimekwisha," anasema, na mafungu mawili yako mbele yake. Mteja hataki kuondoka. Mwalimu anawaacha wabishane, mikono yake mapajani, kwa muda ambao mimi ningeshindwa kuuvumilia. Hatimaye muuzaji anavuta mpira wa fungu moja, chelewa zinatawanyika mkekani, anachukua mbili anamkamilishia. Zimebaki fungu moja na nane. Anazihesabu tena kwa sauti, kisha anaita mteja mwengine.