Subira ya Mlangoni

Watu wengi wakiwatazama warukaji wa miavuli husifu ule mwanguko. Mimi humsifu zaidi yule aliyepiga magoti kwenye mlango wa ndege, futi 13,000 juu ya ardhi, upepo ukimpiga usoni, naye bado haruki.

Taa ya kijani imeshawaka. Taa hiyo humjulisha kwamba rubani yuko tayari. Uamuzi wa kuruka ni wake mwenyewe. Hutoa kichwa nje kabisa, kwa sababu jicho lililobaki ndani ya ndege humdanganya kuhusu kilicho chini yake hasa. Hutafuta mahali pa kutua, huangalia mawingu, huangalia kama kuna ndege nyingine inapita. Pwani ya Diani, kusini mwa Mombasa, watu huruka na kutua karibu na bahari, na hapo uamuzi huo una uzito wa pekee. Upepo wa kusi unaousikia ufukweni hautoshi kukueleza kule juu kunavumaje.

Kisha huja hesabu ya kuachiana nafasi, na hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Tuseme ndege inakata hewa kwa mita 45 kwa sekunde, na vikundi viwili vinatakiwa kuachana mita 300. Kukiwa shwari, kikundi cha pili kinasubiri kama sekunde 7. Upepo wa mita 20 kwa sekunde ukiikabili ndege huko juu, mwendo wake juu ya ardhi hubaki mita 25, na kusubiri hufika sekunde 12. Yaani upepo ukizidi, subira nayo izidi, wakati kila aliye nyuma anatamani kutoka. Asiyesubiri anaweza kufungua mwavuli wake palepale alipo mwenzake.

Mpangilio wa kutoka nao una sababu yake. Wanaoanguka kifudifudi huenda polepole zaidi, kiasi cha kilomita 190 kwa saa, hivyo upepo hupata muda mrefu wa kuwasukuma. Kwa kawaida hao hutangulia. Wanaoanguka kichwa chini hufuata. Ukiwageuza, wa polepole watasukumwa kuwaelekea waliowatangulia.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni ndogo kwa umbo: ule mwavuli mdogo unaovuta mwavuli mkuu. Ukichomoka mlangoni, upepo huudaka na kumng'oa mwenyewe, na nyuma ya mlango kuna mkia wa ndege. Ndiyo maana warukaji wazuri hukaguana mgongoni kabla ya mlango kufunguliwa, hugusa vishikio vyao kimoja kimoja, na husogea ndani ya ndege bila kusuguana na kuta wala viti. Hawasongamani nyuma pia, maana uzito ukihamia mkiani ndege inayokwenda polepole inaweza kupoteza uwezo wa kuelea.

Na kutoka kwenyewe? Hakuna kurukaruka. Mwili hupindwa, kifua na nyonga vikitangulia, na hukabidhiwa upepo unaotoka mbele ya ndege, kwa sababu katika sekunde za mwanzo upepo hautoki chini. Huchukua takribani sekunde 10 kabla ya mwanguko kufikia kasi yake kamili. Anayejua hili hatapigana na hewa, huilalia.

Ukipata siku ya kuruka ukiwa umefungwa kifuani mwa mkufunzi, shika mikanda ya kifuani, inua kichwa, kunja miguu nyuma chini ya ndege kama ulivyoelekezwa. Akikawia mlangoni, usimharakishe. Yuko kazini.