Mimba, Ulezi na Haki ya Kuitwa Mama katika Tamthilia ya A Taste of Honey

Tamthilia ya A Taste of Honey ya Shelagh Delaney ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1958 katika ukumbi wa Theatre Royal, Stratford, mashariki mwa London, chini ya uongozaji wa Joan Littlewood. Mtunzi, mzaliwa wa Salford kaskazini mwa Uingereza, alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Tamthilia inamhusu Jo, msichana anayekaribia kumaliza shule, ambaye anapata mimba bila kutarajia baada ya kuachwa peke yake na mama yake, Helen. Usomaji uliozoeleka huichukulia kazi hii kama kielelezo cha uhalisia wa maisha ya tabaka la wafanyakazi, na mimba ya Jo kama mojawapo ya matokeo ya umaskini. Usomaji huo una ukweli, lakini hautoshi. Sehemu hii inajenga hoja kwamba Delaney haisawiri mimba kama adhabu wala kama fundisho. Anaitumia kuwapima wanaomzunguka Jo: nani anayelea, na nani anayedai haki ya mlezi bila kuifanya kazi yake.

Hoja hii inaanzia katika muundo. Masimulizi mengi kuhusu binti aliyepata mimba nje ya ndoa hujengwa juu ya kilele kimoja: siri kugunduliwa, aibu kufichuka, na hukumu kutolewa. Delaney amekiacha kilele hicho nje ya jukwaa. Katika sehemu ya kwanza, Jo anakutana na baharia kijana mweusi anayeahidi kumwoa, na siku hizohizo za Krismasi Helen anaondoka kwenda kuolewa na Peter. Sehemu ya pili inapofunguliwa miezi imepita. Jo anaingia akiwa tayari mjamzito, na rafiki yake mpya, Geof, anaitambua hali hiyo bila makeke. Hadhira inanyimwa nafasi ya kushuhudia ungamo. Inabaki na swali gumu zaidi: sasa maisha yataendeleaje ndani ya chumba hiki?

Uteuzi huu unaonekana wazi zaidi ukilinganishwa na Look Back in Anger ya John Osborne, iliyoonyeshwa mwaka 1956. Humo, Alison, mke wa Jimmy Porter, anamficha mumewe habari za ujauzito. Mimba hiyo inaharibika, na msiba wake unakuwa daraja la kuwarudisha wawili hao pamoja. Alison ni mwanamke aliyeolewa, hivyo hali yake si sawa na ya Jo. Hata hivyo, tofauti ya kisanaa inabaki: kwa Osborne mimba inatumikia mgogoro wa mume, ilhali kwa Delaney ni uzoefu wa mjamzito mwenyewe, wenye uchovu, mizaha, hofu na hasira zake.

Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Katika tamthilia hii, kulea mimba nako ni kazi, na anayeifanya ni Geof. Anapika, anasafisha chumba, anashona nguo za mtoto, anatafuta kitabu cha uzazi na kuandaa kikapu cha kumlaza mtoto. Anapogusia uwezekano wa kuitoa mimba, Jo anaukataa, na mazungumzo yanasonga mbele bila mahubiri. Uzito wa kinyume cha mambo uko hapa: Geof ni shoga, na sheria ya Uingereza iliyafanya mahusiano ya aina yake kuwa jinai hadi mwaka 1967. Mtu ambaye jamii yake ingemhesabu kuwa mkosaji ndiye pekee anayetimiza majukumu ambayo jamii hiyohiyo inayasifu.

Delaney hamfanyi Jo kuwa mhanga mpole wa kuhurumiwa. Geof anapomletea mwanasesere ili ajizoeze kumbeba mtoto, Jo anaghadhibika, anasema rangi yake siyo, na anatamka kwamba hamtaki mtoto wala hataki kuwa mwanamke. Tukio hili lisisomwe kama uovu wa mama mtarajiwa. Jo amekwisha kuelezwa na Helen kwamba baba yake alikuwa mtu mwenye upungufu wa akili, na anaogopa kurithisha alichorithi. Zaidi ya hayo, mfano pekee wa umama anaoujua ni Helen. Anachokikataa Jo ni kurudiwa kwa maisha yaliyomlea yeye.

Ndiyo maana kurejea kwa Helen mwishoni ni tukio zito kuliko mimba yenyewe. Ndoa yake imevunjika, naye anarudi akiwa na mamlaka yote ya mama mzazi. Anakidharau kikapu cha Geof na kukileta kitanda cha mtoto cha kisasa. Vifaa hivi viwili vinabeba hoja nzima ya tamthilia: kimoja kimetokana na miezi ya kukaa na mjamzito, kingine kimetokana na pesa. Geof anasukumwa nje kwa haki ya damu. Kisha Helen anaambiwa kwamba mtoto huenda akawa mweusi, na anatoka kwenda kunywa pombe wakati uchungu wa Jo umeshaanza. Mwenye haki ya kulea anaondoka, baada ya kumfukuza mwenye uwezo wa kulea.

Kasoro ya tamthilia iko katika usawiri wa baharia. Katika orodha ya wahusika anatambulishwa kama kijana tu. Jo anamwazia asili ya Kiafrika yenye fahari, ilhali mwenyewe anasema ametokea Cardiff. Mzaha huo unaikosoa ndoto ya Jo, lakini baada yake kijana hana nafasi ya kujieleza tena. Rangi yake inarudi kupitia mwanasesere na mshtuko wa Helen, yaani kama tatizo la wengine. Tamthilia inayompa msichana mjamzito sauti yake imemnyima baba wa mtoto sauti yake.

Hata hivyo, kasoro hiyo haifuti mafanikio ya kazi hii. Delaney anakatisha tamthilia kabla ya mtoto kuzaliwa, na kwa hiyo hakuna kifo, ndoa wala msamaha wa kuituliza hadhira. Jo anabaki peke yake, akitabasamu kwa kukumbuka kiwimbo cha watoto alichofundishwa na Geof. Kwa mhakiki, mwisho huo unahamisha hukumu. Anayehojiwa si binti aliyepata mimba, bali wale waliokuwa na wajibu wa kubaki naye wakaondoka.