Majina Mawili Bila Kiungo

Kiajemi kina kiungo kidogo mno, irabu moja tu, ambacho wanasarufi wa Iran hukiita ezafe. Hupachikwa mwishoni mwa nomino na kuishikisha na neno linalofuata: shahr-e Tehran ni mji wa Tehran, baradar-e Ali ni kaka yake Ali, kuh-e Damavand ni mlima Damavand (na hapo Kiswahili chenyewe huitupa -a yake unganifu). Haijali ngeli wala jinsi. Lugha yenye chombo chepesi namna hiyo ingeweza kukitumia kila mahali, na kwa sababu hiyo badali, yaani nomino mbili zinazomtaja mtu au kitu kimoja bila kuunganishwa, ni ufundi wa kusifiwa. Anayeiacha irabu ile huwa ana jambo la kusema.

Mtazame Rostam, shujaa wa Shahnameh, utenzi ambao Ferdowsi aliukamilisha mwaka 1010. Akiitwa Rostam-e Zal, irabu peke yake imebeba uzazi: Rostam mwana wa Zal. Hilo ni jina, na msikilizaji anahesabiwa kuwa anaujua ukoo. Lakini Rostam, pesar-e Zal, ni taarifa. Msemaji ametua, kisha akatueleza huyo ni mtoto wa nani. Atasema mtu kwamba hiki ni kishazi rejeshi kilichofupishwa tu. Sikubali. Ukisema Ferdowsi, ke sha'er-e Tus bud, neno ke limeleta kitenzi, na kitenzi kinadai wakati: alikuwa mshairi wa Tus, au ni mshairi wa Tus hata leo? Badali haiulizwi swali hilo. Wala si maneno ya pembeni yaliyoning'inizwa kwenye sentensi, maana katika baradaram Ali ra didam, nilimwona kaka yangu Ali, alama ya yambwa ra husubiri nomino zote mbili zipite, ikazifunga mara moja.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye maandishi. Ezafe kwa kawaida haiandikwi, hivyo baradar na Ali zikifuatana, jicho haliwezi kujua kama ni kaka yake Ali au kaka ambaye ndiye Ali. Siku hizi mkato husaidia. Hata pasipo mkato, sarufi ina njia yake: kiambishi -am, "yangu", kikishaingia, ezafe haiwezi kukifuata, na baradaram Ali haina maana mbili. Na kama mtu atasema badali ni mapambo matupu, akitaja makarani wa kifalme waliorundika vyeo mbele ya jina la bwana wao, kosa lao lilikuwa kurudia sifa ileile kwa maneno mapya. Nomino ya pili isipoleta habari, ni mzigo.

Dario, mfalme wa Uajemi ya kale, aliijua kazi hiyo ya kuleta habari. Katika maandishi aliyochongesha mwambani huko Bisotun, yapata mwaka 520 KK, mtu aliyejidai kuwa Bardiya mwana wa mfalme Koreshi anatajwa tena na tena kama Gaumata haya magush, Gaumata ambaye ni kuhani wa Kimagi. Kila mtajo unamvua taji. Neno haya, lililokuwa kirejeshi, ndilo mzazi wa ezafe ya leo: lililotangaza zamani limechakaa likawa kiungo, na nadhani ndiyo sababu Mwajemi wa sasa, akitaka kutangaza kwa nguvu ileile, hulazimika kuliacha na kutua.