Malaika Aliyewekwa Kwenye Mabano

Basi la Dodoma lilikuwa halijajaa. Tulikaa stendi ya Msamvu karibu saa nzima, wauza karanga na maji wakipita madirishani, konda akaweka "Malaika", ile ya Miriam Makeba. Nikaanza kuimba kimoyomoyo. Mama akamwita yule kijana: "Mwanangu, weka mwingine." Kijana akashangaa, "Mama, huu si mzuri?" Mama akageukia dirishani.

Mama yangu ukimuuliza ana watoto wangapi atakwambia, "Wanne, na malaika mmoja."

Naandika habari za muziki, na wimbo huu nimeutaja mara nyingi kama wimbo wa mapenzi na mahari. Ndivyo ulivyo: kijana anampenda msichana, hana mali ya kumwoa, basi. Tumegombana miaka na miaka nani aliutunga, Adam Salim wa Tanzania au Fadhili William wa Kenya, ambaye rekodi yake ndiyo iliyoutangaza. Neno lenyewe tumeliruka.

Kwa Kiarabu, malaika ni wingi. Mmoja ni malak. Wataalamu wengi hulihusisha na mzizi wenye maana ya kutuma. Kiebrania nacho kina mal'akh, mjumbe, hata yule wa kawaida aliyetumwa na mfalme. Kigiriki, angelos, ni mjumbe vilevile, na huko ndiko Waingereza na Wafaransa walikochukua majina yao. Kwa hiyo neno hili lilianza na kazi, mabawa yalikuja baadaye. (Kwa hesabu hiyo mjumbe wetu wa nyumba kumi, anayebisha hodi na daftari la michango, naye anaweza kudai cheo.)

Waswahili tukauchukua ule wingi, tukaufanya mmoja: malaika mmoja, malaika wengi. Tukaongeza maana ambayo mzizi haukuwa nayo, mtoto mchanga. Halafu kamusi zina laika, wingi wake malaika pia: zile nywele laini za mwilini. Pengine ni neno jingine kabisa lililogongana na hili, lakini mtu aliyewahi kumpakata kichanga, akayaona yale manyoya mepesi mgongoni, hatashangaa yakikaa pamoja.

Sasa, mwaka 1965 Harry Belafonte na Makeba waliutoa wimbo huu kwenye albamu yao ya pamoja. Ukaitwa "My Angel", na "Malaika" ikawekwa kwenye mabano. Kwangu hapo ndipo ulipopungua. Angel wa Kiingereza cha mapenzi ni mrembo tu. Hana uzito wa mtoto mikononi.

Na kuna kile kidege. Mpenzi wa wimbo anaitwa hivyo pia, na nimekuwa nikikichukua kama jina la kudekeza. Lakini hapa kwetu dege ni ugonjwa. Degedege, mtoto anapopandwa na homa kali akakakamaa, mara nyingi kwa malaria, wazee wengi waliamini huletwa na ndege anayepita usiku. Malaika, kidege, na mtu anayelia kwamba hana fedha. Mama aliyezika mtoto miaka ile, nauli ya kwenda hospitali ikiwa ya kukopa, anausikiaje wimbo huo?

Utasema hapo nimezidisha, wimbo unazungumzia kuoa. Nakubali, mtunzi hakuwaza kaburi. Lakini maneno aliyoyachagua tayari yalikuwa na kazi nyingine majumbani mwetu, na wimbo mkubwa huingia na kila kilichomo ndani ya maneno yake. Ndiyo maana toleo la Boney M. la 1981 silipendi: ni la kuchezea, maneno yanapita mbio. Makeba analiacha neno likae, ukalisikia lote.

Tulipokaribia Gairo mama akauliza, kama aliyekuwa anaendeleza mazungumzo, "Yule mwanamke anayeimba, yeye alifiwa na nani?"

Nikamwambia binti yake, Bongi, alifariki mwaka 1985, ila wimbo aliurekodi miaka ishirini kabla.

Mama akakaa kimya kidogo. "Sasa baada ya hapo akawa anauimbaje?"