Kati ya Jicho na Mguu

Marcus Terentius Varro alikuwa mzee wa miaka 80 alipoandika, mwaka 37 kabla ya Kristo, kitabu chake cha kilimo na ufugaji. Alipofika kwenye habari za mbwa alimpa mnunuzi onyo moja: usichukue mbwa kwa mwindaji wala kwa mchinjaji. Wa mchinjaji ni mvivu wa kufuata kundi, na wa mwindaji akimwona sungura au kulungu atawaacha kondoo amfuate huyo. Roma ya Varro imekwisha, lakini msomee onyo hilo mfugaji yeyote kwenye mnada wa mifugo huku kwetu, hutamsikia akibisha. Mbwa huingia nyumbani na mazoea aliyoyakuta kwa watu wa kwanza, na ni kazi kubwa kumvua.

Mbwa ninayemsema mimi ni wa kawaida kabisa. Ana rangi ya kahawia, mkia uliojikunja, hana cheti cha ukoo. Usiku analinda nyumba. Mchana analala kivulini huku kuku wakichakura hatua mbili kutoka puani mwake. Mpita njia haoni cha ajabu hapo. Lakini hebu fikiria kinachodaiwa kwa mnyama huyo. Yeye ni mla nyama, na mbele yake inapita nyama yenye kelele, inayokimbia ovyo na kupiga mabawa, tena mwenye nyumba yuko kanisani. Kumfikisha mbwa mahali ambapo ataendelea kulala ni ufundi, na nadhani tunaudharau kwa sababu mavuno yake ni mchana ambao hakikutokea kitu.

Niliutazama ufundi huo kwa jirani mmoja huko Njombe, mama aliyefuga kuku wa kienyeji, bata na mbuzi wachache. Mbwa wake aliitwa Simba, kama walivyo mbwa wengi nchini, jina la kishujaa mno kwa mnyama ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kutulia.

Alimchukua mara tu alipoachishwa ziwa. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi katika Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walieleza katika kitabu chao cha 1965 kwamba kuna kipindi, kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, ambapo mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake. Anachokutana nacho wakati huo bila kuogopeshwa, atakihesabu maishani kuwa cha nyumbani. Wafugaji walikuwa wameshalijua jambo hilo bila maabara. Charles Darwin alipopita Uruguay mwaka 1833 alikuta mbwa wakilinda makundi makubwa ya kondoo, maili kadhaa kutoka kwenye nyumba, bila mtu. Akaulizia namna wanavyolelewa. Mtoto wa mbwa hutengwa na mama yake angali mchanga, akaambiwa. Kondoo jike hushikwa mara tatu au nne kwa siku ili amnyonyeshe. Mtoto huyo wa mbwa hutandikiwa sufi ndani ya zizi, na haruhusiwi kucheza na mbwa wengine wala na watoto wa nyumba ile. Akikua, kila siku huja nyumbani kuchukua nyama yake, kisha huondoka upesi kama mwenye aibu, na mbwa wa nyumbani humfukuza. Akishafika kwenye kondoo wake hugeuka na kubweka, na wale waliokuwa wakimfukuza hutimka.

Mama wa Njombe hakumtaka mbwa wa namna hiyo. Mbwa wa familia lazima awe wa watu kwanza, amsikie mtoto akimwita, amjue mgeni na mwenyeji, na bado awaone kuku kuwa sehemu ya boma. Kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu kuliko ile ya Uruguay, kwa kuwa pale mbwa alipewa jamii moja tu ya kuipenda. Kwa hiyo alimtengenezea Simba mahali pa kulala penye kuta tatu za mbao. Upande wa nne ulikuwa wavu wa kuku, na ng'ambo ya wavu walikuwa kuku wenyewe. Asubuhi alimwaga pumba upande ule na uji upande huu kwa wakati mmoja. Walikula wakitazamana. Siku wavu ulipofunguliwa, aliyemkaribisha kwanza ni tetea mwenye vifaranga, aliyemdonoa puani mpaka akakimbilia chini ya sketi ya mama. Mama hakumfukuza yule tetea. Somo hilo, alisema, kuku hufundisha vizuri kuliko mtu, mradi mbwa awe bado mdogo.

Halafu ikaja kamba. Ilikuwa ya katani, ndefu, imefungwa kwenye mkanda wa shingoni. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua maharage, ncha ya kamba ameikalia, kuku wamezagaa uani. Kulikuwa na tetea mmoja aliyemsogelea mbwa kila mara kwa ujinga wake, na mimi macho yangu yote yalikuwa kwake.

"Mwanangu," akaniambia, "huyo kuku nimeshajua atafanya nini. Mtazame mbwa."

Nikamtazama. Mbwa aliyetulia huhema mdomo wazi kidogo, mkia umelegea. Jambo la kwanza kubadilika ni mdomo: hufunga ghafla. Masikio yanasogea mbele. Uzito wa mwili unahamia kwenye miguu ya mbele ingawa mguu wenyewe haujaondoka, na mkia unasimama bila kutikisika. Jicho limeganda juu ya kuku. Yote hayo hupita kwa muda wa kupepesa mara mbili, na ni ndani ya muda huo ambapo mama alimwita jina kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu alete chumvi. Simba aligeuza kichwa. Akapewa kipande cha ukoko wa ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa dagaa. Mama akarudi kwenye maharage.

Nilipozoea kuliona, niligundua kwamba kila kitu kimebanwa humo, kati ya jicho na mguu. Ukimwita kabla jicho halijaganda, hajui ameitiwa nini. Ukichelewa hadi mguu umeondoka, humpati tena, maana aliyeanza kukimbiza hasikii, na mbio zenyewe ni malipo makubwa kuliko ukoko wowote. Raymond na Lorna Coppinger, wa Chuo cha Hampshire huko Massachusetts, walioanza kuwachunguza mbwa walinzi wa mifugo katika miaka ya 1970, walilieleza jambo hili kwa utaratibu: kukodoa macho, kunyemelea, kukimbiza, kudaka, kuua, kurarua. Kila hatua humwita mbwa kwenye inayofuata. Mbwa wa kuswaga kondoo, kama wale wa Scotland, wamechaguliwa vizazi kwa vizazi ili wabaki na macho, kunyemelea na mbio, na waishie hapo. Walinzi wa kondoo wa Italia na Uturuki wana kidogo sana cha mfululizo huo. Mbwa wetu wa kienyeji hakuchaguliwa na mtu kwa upande wowote. Mmoja anao wote, ndugu yake wa tumbo moja ameishia kwenye macho tu. Mfugaji hana budi kukaa na mbwa wake mmoja mmoja ajue mfululizo wake unaishia wapi.

Ndiyo maana mama hakuwa na ratiba ya kuwafundishia mbwa wote. Alikuwa na mpangilio wa kuku. Kuku anayetembea hana shida. Anayekimbilia punje ana shida kidogo. Aliyeshtuka akaruka kwa mabawa ndiye mtihani, na vifaranga, kwa mlio wao na mwendo wao wa kuchomoka chomoka, ni mtihani wa mwisho. Basi alianza asubuhi kuku wanapokula, akahamia jioni wanapoingia bandani kwa kusukumana, na mbele zaidi akawa anarusha mtama makusudi karibu na mbwa ili waje mbio. Siku mbwa aliposhindwa kugeuza kichwa hakupigwa wala kukaripiwa. Alivutwa taratibu, akasogezwa mbali mpaka pale kuku wasipomshughulisha, na somo likaanzia hapo. Mbuzi hawakuhitaji mpango. Beberu alimpiga kichwa mara moja na kesi ikafungwa.

Kuna dawa zinazosimuliwa katika nchi nyingi, na sitaki kuzipita kimya. Mbwa akiua kuku, mfungie mzoga shingoni mpaka uoze. Akila mayai, mtie mdomoni yai lililotoka jikoni likichemka. Ukiacha ukatili wake, zote mbili zina upofu uleule: zinafika baada ya meno. Mbwa anayepigwa kwa kuku aliyekufa nusu saa iliyopita hujifunza kwamba mtu aliyeshika kuku ni hatari, basi. Atawaheshimu kuku bwana wake akiwapo, na atawala bwana akienda sokoni. Nilimuuliza mama angefanya nini na mbwa aliyekwisha kuua. Alisema angerudi kwenye wavu na kamba, na kwamba wapo ambao hata hivyo hawatafaa kuachwa na kuku peke yao. Hao wafungwe mchana na waachwe usiku kuku wakiwa bandani. Alilisema hilo bila uchungu, na mimi nalihesabu kuwa sehemu ya ufundi, kwa kuwa fundi ajuaye kitu kisichowezekana hukupunguzia hasara.

Ujanja mkubwa zaidi wa mbwa mdogo ni kwamba akifika miezi minne humdanganya mtu. Amezoea, anapita katikati ya kuku kama mchungaji, jirani wanasifu. Kisha ujana unaingia, nguvu zinazidi akili, na anataka mwenzake wa kucheza. Anamchagua kifaranga au mwanakondoo. Anakimbiza kwa furaha, anadaka, anarusha, na mwenzake hachezi tena. Hakuua kwa njaa, na pengine hata hakukusudia. Wanaofuga mbwa walinzi duniani kote wanaujua msimu huu, na husema mbwa hawi wa kuaminika kabisa mpaka atimize kama miaka miwili. Wengi wetu hatuna subira hiyo. Kamba inafunguliwa mapema, tetea watatu wanakufa Jumapili moja, mbwa anatupwa. Mama aliirudisha kamba Simba alipoanza ujana, ingawa hakuwa ametenda kosa lolote, akamtafutia na kazi: matembezi marefu ya alfajiri hadi mtoni, akirudi ameshachoka.

Mengine ni usafi wa boma tu. Mayai yaokotwe mapema. Matumbo ya kuku aliyechinjwa yafukiwe chini sana au yapikwe, yasitupwe uani yakiwa mabichi. Mbwa achanjwe kichaa, na ale kabla kuku hawajafunguliwa.

Kwamba kazi hii haihitaji mbwa wa kununuliwa kwa bei ya ng'ombe, Botswana wameonyesha. Nchini Namibia, shirika la kuhifadhi duma lililoanzishwa na Laurie Marker limekuwa tangu 1994 likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki walinde mbuzi, ili mfugaji asilazimike kumpiga duma risasi. Wenzao wa Botswana waliwageukia mbwa wa vijijini, wadogo, wanaokula kidogo na kulijua jua la kwao, na wameona wanafaa. Pwani pia, ambako nyumba nyingi hazimruhusu mbwa kuvuka kizingiti, mafundisho ya Kiislamu yamempa nafasi mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda; sioni kwa nini mfugaji wa kuku wa Pangani au Kilwa asiifanye kazi hii nje, penye banda.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Warrnambool, kusini mwa Australia. Mkulima mmoja wa kuku wa huria, Allan Marsh, alikuwa akiwalinda kuku wake dhidi ya mbweha kwa mbwa weupe wa Kiitaliano waitwao Maremma. Karibu na mji huo kuna Middle Island, kisiwa kidogo chenye pengwini wadogo, ambako maji yakipungua mbweha huvuka kwa miguu. Kufikia 2005 pengwini walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2006 mbwa wa Marsh, Oddball, alipelekwa kisiwani, na idadi ya ndege ikaanza kupanda. Filamu ya kisa hicho ilitoka mwaka 2015. Kinachonivutia mimi ni namna mzee alivyowaza: kwa mbwa aliyelelewa na kuku, pengwini ni kuku wa ajabu kidogo, na atawazoea. Lakini hata huko mazoea hayakuachwa yajiendeshe. Mbwa wapya walitambulishwa kwa ndege taratibu, mtu akiwapo. Na mwaka 2017, bahari ilipochafuka hata mbwa wasiweze kupelekwa kisiwani, mbweha walivuka na kuua pengwini wengi.

Simba alikuwa mtu mzima mwenye sifa mtaani mama alipoleta kanga. Ndege huyu hukimbia kuliko kuku, huruka juu ya uzio, na hupiga kelele kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mjukuu akacheka alipomwona bibi akiitafuta kamba ya katani nyuma ya pipa la pumba. "Bibi, si ameshajua?" Bibi akamjibu kwamba anajua kuku. Wavu ukarudi, uji ukamwagwa upande huu na mtama upande ule. Kanga wawili walipopaa kwa mara ya kwanza juu ya kichwa chake, mbwa alisimama wima, mdomo ukafunga, kisha akageuka kumtazama mama kabla hajaitwa. Alipewa ukoko wake, ila kamba haikufunguliwa.